Nani Mwenye Bweni? Malezi ya Wanafunzi wa Kiaborijini Mbali na Kwao



Wengi wetu humu ukumbini tumelelewa na bweni. Tumeburuza tranka kutoka kituo cha basi, tumepanga foleni ya ugali na maharage, tumekimbia mchakamchaka kabla jua halijatoka. Kwa Mtanzania wa rika langu bweni lilikuwa pia sera ya nchi: kijana wa Bukoba alipangiwa Mtwara, wa Lindi akapelekwa Tabora, wakaishi pamoja mpaka wakaona ni watu wa taifa moja. Ndiyo maana hadi leo mzazi akisikia mwanawe kachaguliwa shule ya bweni, hutangaza kwa majirani. Naomba fahari hiyo tuiweke kando kwa muda, maana watu nitakaowazungumzia jioni hii wana kumbukumbu nyingine ya bweni.

Ni watoto wa Waaborijini wa Australia na wa Visiwa vya Torres Strait wanaotoka vijiji vya mbali: jangwa la katikati ya nchi, pwani ya Arnhem Land, rasi ya Cape York. Kijiji kinaweza kuwa na watu mia mbili au mia tatu, na mji wa kwanza wenye shule kamili ya sekondari uko mwendo wa siku nzima kwa gari, au ni wa kuruka kwa ndege ndogo. Mtoto akitaka kufika kidato cha mwisho, mara nyingi lazima aondoke.

Tatizo ni kwamba bibi yake naye aliondoka, na hakuulizwa. Kuanzia takriban 1910 hadi 1970, serikali za Australia, zikisaidiwa na misheni, ziliwachukua kwa nguvu watoto wa Kiaborijini na kuwatia katika makao na mabweni. Ripoti ya tume ya haki za binadamu ya nchi hiyo, iitwayo Bringing Them Home, iliyotoka 1997, ilikadiria kwamba waliochukuliwa ni kuanzia mtoto mmoja kwa kila kumi hadi mmoja kwa kila watatu. Katika makao ya wavulana ya Kinchela, New South Wales, yaliyofanya kazi kuanzia 1924 hadi 1970, watoto waliitwa kwa namba badala ya majina. Katika makao ya Cootamundra, wasichana walifundishwa kufua na kupika ili wakawe watumishi wa nyumba za Wazungu. Waziri Mkuu Kevin Rudd aliomba radhi bungeni tarehe 13 Februari 2008. Radhi ilipokelewa, wengi walilia, lakini neno bweni halikusafishwa siku ile.

Hata hivyo, si kila shule ya zamani ilikuwa hivyo. Mwaka 1937 daktari Charles Duguid alilisukuma kanisa la Presbiteri kufungua misheni ya Ernabella, kaskazini-magharibi ya South Australia, katika nchi ya Waanangu, Waaborijini wa eneo lile. Alishikilia mambo ambayo wamisheni wengi waliyaona ya ajabu: asilazimishwe mtu, watoto wafundishwe kwa Kipitjantjatjara, lugha yao, na wasilazwe bwenini. Jioni walirudi kambini kwa wazazi wao. Misheni ni misheni, siipi utakatifu. Lakini kizazi cha kwanza cha Waanangu kilichojua kusoma na kuandika lugha yake kilisoma bila kutenganishwa na mama zake. Hoja ya kwamba mtoto wa porini hafundishiki mpaka atolewe kwao ilikuwa imekwisha kujibiwa zamani hizo.

Leo hoja hiyo imerudi ikiwa na adabu zaidi. Mwaka 2014 mtaalamu Bruce Wilson, aliyepewa kazi ya kupitia elimu ya Waaborijini katika Northern Territory, alipendekeza elimu ya sekondari kwa watoto wa vijiji vya mbali itolewe hasa mijini, kwa mabweni. Sababu zake hazikuwa za kipuuzi. Kijiji cha watu mia mbili hakipati mwalimu wa fizikia, na akipatikana hakai. Wako wazazi wanaotaka mtoto aende, tena mbali. Wako pia wanaosema: mkishawahamisha wakubwa, shule yetu itakufa. Mimi naona pande zote mbili zina haki, ila serikali inayojenga bweni mjini huku ikiipunguzia shule ya kijiji walimu haijampa mzazi hiari yoyote.

Basi mtoto ameondoka. Bweni limfanyie nini? Hapa ndipo maneno “kuheshimu utamaduni” hugeuka kuwa picha za nukta nukta za Kiaborijini ukutani na ngoma moja kwa mwaka. Mambo yenyewe ni madogo na magumu zaidi.

Chukua kuita majina asubuhi. Kwa Waanangu, mtu akifa jina lake halitajwi kwa muda mrefu, na anayefanana naye kwa jina huitwa Kunmanara badala ya jina lake. Mlezi wa zamu asiyejua hilo husimama na daftari lake mbele ya watoto arobaini akalitamka jina la marehemu kwa sauti. Wanaonyamaza huandikiwa utovu wa nidhamu.

Chukua jando. Huko mwaka wa shule huanza mwishoni mwa Januari, katikati ya kiangazi, na kiangazi ndio msimu wa sherehe za kuwatia wavulana utu uzima. Kijana anaweza kuchelewa wiki kadhaa. Akirudi, kwa hesabu za kwao ni mwanamume, wati; haipendezi alale chumba kimoja na wavulana, wala kukemewa mbele yao na mlezi mwanamke. Fomu ya shule inasema ana miaka kumi na mitano. Mmasai yeyote aliyerudi kidato cha pili akiwa ametoka kutahiriwa hahitaji kuelezwa zaidi. Kuna pia miiko ya ukoo: kwa Wayolngu wa Arnhem Land, kaka na dada wakishakua hujizuia, hawaitani kwa majina. Nani akae meza ipi bwaloni ni swali la sheria, na anayeijua sheria hiyo ni mama mtu mzima wa kule, si kompyuta ya kupangia vyumba.

Chukua msiba. Posho ya serikali iitwayo ABSTUDY, iliyoanzishwa 1969, hulipia malazi ya wanafunzi na safari za kwenda shule na kurudi. Lakini kifo hakifuati mihula, na matanga ya Kiaborijini yaweza kuchukua wiki. Mtoto asiyehudhuria maziko ya mjomba wake amewavunjia watu heshima. Akihudhuria na kukaa hadi mwisho, bweni linampa kitanda chake mwingine.

Na kuna masikio, jambo ambalo halionekani la utamaduni kabisa. Usaha wa masikio kwa watoto wa vijiji hivyo ni wa kiwango cha kutisha: Shirika la Afya Duniani huhesabu kwamba ukivuka asilimia 4 ya watoto ni janga la afya ya jamii, na vijiji vingi vya Northern Territory vimevuka mbali hapo. Mtoto asiyesikia vizuri, katika bwalo lenye kelele, anayesemeshwa Kiingereza ambacho ni lugha yake ya tatu, huonekana mkaidi. Kipimo cha masikio wiki ya kwanza kingeokoa adhabu nyingi.

Ukiyakusanya yote hayo utaona hayaandikiki katika kitabu cha kanuni. Yanahitaji mtu mwenye mamlaka, aliyepo, anayejua. Kwa hiyo swali langu si bweni linafundisha utamaduni gani, bali nani mwenye bweni.

Bweni la Wiltja mjini Adelaide lipo zaidi ya kilomita 1,000 kutoka nchi ya Waanangu, mbali kuliko mengi. Nguvu yake ni kwamba Waanangu wenyewe, kupitia kamati yao ya elimu, wana sauti katika kuliendesha, na watoto wake wanatoka vijiji vyenye lugha na koo zinazoingiliana. Mtoto anagombana kwa Kipitjantjatjara, anasamehewa kwa Kipitjantjatjara. Linganisha na shule za kitajiri za Sydney na Melbourne zinazotoa ufadhili kwa mtoto mmoja au wawili kutoka huku na huku. Wapo waliofanikiwa sana kwa njia hiyo na siwabezi. Lakini mtoto huyo ndiye anayepigwa picha kwa jarida la shule, ndiye anayeulizwa darasani Waaborijini wanaonaje, na usiku hana wa kunong’ona naye.

Mfano ninaoupenda zaidi ulikufa. Dhupuma College ilifunguliwa 1972 katika majengo yaliyoachwa na kituo cha nchi za Ulaya cha kufuatilia roketi, msituni, karibu na Gulkula, mahali patakatifu pa Wayolngu. Bweni lilikuwa ndani ya nchi ya wenyewe. Lilifungwa 1980. Wazee waliosoma pale walilidai kwa miaka mingi, na sijawahi kusoma sababu ya kulifunga iliyonishawishi.

Wanaotoroka nao wanastahili neno. Wengi hurudi kwao kabla ya kumaliza mwaka wa kwanza, na kila mahali hilo huitwa kushindwa. Kama shule ya kijiji imekwisha kupunguzwa, hawana pa kuendelea, wanakaa tu. Bweni lenye akili lingeweka njia ya kurudi tangu siku ya kuandikisha: muhula huku, muhula kule, alama zihesabiwe pote.

Nasi je? Bonde la Yaeda, wilayani Mbulu, watoto wa Kihadzabe wamelazwa bwenini Yaeda Chini kwa miongo kadhaa ili wasome, na habari za waliotoroka kurudi porini kwa wazazi wao zinajulikana kwa kila aliyefanya utafiti kule. Tumezoea kuzisimulia kama kichekesho. Kenya, watu wazima wa leo wanakumbuka “disk”, kibao alichovishwa shingoni aliyesikika akisema lugha ya mama. Hatukuhitaji Mwingereza ili tufanyiane hayo. Tuliyaendeleza wenyewe baada ya uhuru.

Mabweni mapya yanajengwa sasa katika wilaya za wafugaji, hasa ya wasichana, na ni mema. Nimeona michoro yenye idadi ya vitanda, matundu ya choo na tangi la maji. Ningependa ukurasa mmoja uongezwe: kamati ya kuajiri matroni na patroni, yenye mabibi na wazee wa jamii ile wenye kura kamili, ya kuajiri na ya kufukuza, pamoja na fungu la nauli, ili mama aweze kuja kulala siku mbili karibu na mwanawe bila kuuza mbuzi.