Kurudisha Afya Baada ya Kukonda

(Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka na mwanachama wa Sehemu ya Wanawake)



Halmashauri imenipa heshima ya kusema mbele yenu kwa dakika chache juu ya jambo nililolipitia mimi mwenyewe. Mimi si mganga wala si mwalimu. Ni mama wa nyumba moja hapa Mombasa, niliyetoka milimani Taita kama wengi wenu, na nimekuwa katika chama hiki kwa muda wa miaka mingi. Nitaeleza namna nilivyokonda, namna nilivyorudi, na mambo matatu madogo yaliyonisaidia katika kurudi huko: kufuma kwa kroshia, kuoka mikate, na kusoma vitabu. Mwisho nina ombi moja kwa chama, nami nawasihi msilikatae kabla ya kulisikia.

Mwanzoni mwa mwaka 2023 nilianza kukohoa. Kikohozi chenyewe hakikuwa kikubwa, nami nikakidharau. Kisha usiku nikawa natoka jasho hata shuka zikaloa, na chakula kikawa hakinipiti kooni. Nguo zikaanza kunipwaya. Mwezi wa Aprili, nilipopanda juu ya mizani katika zahanati, nilikuwa na kilo 46, na miaka yote sikupata kupungua kilo 63. Makohozi yangu yakapimwa, ikaonekana kuwa nina kifua kikuu.

Ndugu zangu, mtu mzima akikonda, wenziwe humpimia ugonjwa wake barabarani kabla hajafika kwa tabibu. Mimi nilikuwa sijapata jibu la zahanati, na tayari watu walikuwa na majibu yao. Katika mkutano mmoja wa chama hiki, benchi nililokaa lilibaki langu peke yangu. Baadaye nikaletewa habari kwamba jina langu limekwisha kutajwa katika hesabu ya matanga. Sisemi haya ili kumlaumu mtu. Naona baadhi yenu mnacheka, na leo nami nacheka pamoja nanyi. Lakini siku ile sikucheka.

Kwa hiyo niruhusuni niyarudie yale niliyofundishwa na wauguzi, ili benchi la mtu mwingine lisihamwe bure. Kijidudu cha kifua kikuu kilitangazwa na tabibu wa Kijerumani, Robert Koch, mjini Berlin, tarehe 24 Machi 1882. Hupita katika hewa mgonjwa anapokohoa, hasa ndani ya chumba kilichofungwa madirisha. Hakipiti katika sahani, wala katika kikombe, wala kwa kupeana mikono. Na mgonjwa akiisha kuanza dawa zinazomfaa, aghalabu baada ya majuma machache haambukizi tena. Dawa zenyewe hutolewa bure katika hospitali na zahanati za serikali.

Wazee wetu wanakumbuka zamani ambapo mgonjwa wa kifua alitibiwa kwa mwaka mmoja na nusu au zaidi, na sindano nyingi juu yake. Muda huo ulipunguzwa kwa sababu ya majaribio yaliyofanywa hapa hapa Afrika ya Mashariki. Matokeo yake ya kwanza yalichapishwa mwaka 1972, yakaonyesha kwamba miezi 6 yaweza kutosha, mradi dawa ziwe zile zinazofaa. Na mgonjwa naye hana budi kuzimeza bila kuzikatiza. Basi nami nilipewa miezi 6: miwili ya kwanza dawa za namna 4 pamoja, na minne ya mwisho dawa za namna 2.

Kumeza dawa ni kazi ya dakika moja kila asubuhi. Saa zilizobaki ndizo zilizotaka kunishinda. Nilikuwa sina nguvu ya kwenda sokoni wala ya kufua. Nililala nikitazama dari, na mtu anayetazama dari mchana kutwa huanza kuihesabu miaka yake. Ndipo binti yangu aliponiletea kikapu cha mama yangu marehemu, chenye uzi wa pamba na sindano yake ya kroshia.

Mama yangu alijifunza kroshia katika vikundi vya Maendeleo ya Wanawake, chama kilichoanzishwa mwaka 1952, ambamo akina mama walifundishwa kushona, kufuma, kupika na kutunza watoto. Vitambaa vya viti na meza alivyovifuma vimo katika nyumba nyingi za watu wetu hata leo. Mimi nilijifunza kwake nilipokuwa msichana, kisha nikaacha. Siku ya kwanza vidole vyangu vilitetemeka hata nisiweze kuupitisha uzi katika kitanzi. Nilifuma mnyororo wa vitanzi 20, nikachoka, nikalala. Siku ya pili nikafuma mzunguko mmoja. Lakini kazi hii ina fadhila ambayo mgonjwa aihitaji sana: jioni aweza kushika mkononi kitu ambacho asubuhi hakikuwapo. Siku yake haikupotea yote.

Jambo la pili lilikuwa jiko. Muuguzi aliniambia nile vyakula vya kujenga mwili, mayai na maharage na maziwa na samaki, na nile mara nyingi kidogo kidogo ikiwa siwezi kula kwa wingi. Kusema ni rahisi. Hata kimanga, chakula cha kwetu ambacho sijapata kukikataa tangu utoto, kilinishinda. Jirani yangu, mama wa Mji wa Kale, ndiye aliyeniambia, “Dada, usikingoje chakula kikuite. Kioke wewe mwenyewe, harufu itakuamsha.” Akanifundisha mkate wa mayai.

Wanawake wenzangu wengi wanaujua, lakini nitautaja kwa ajili ya wasioujua. Huchukua mayai 6, sukari kikombe kimoja, unga wa ngano kikombe kimoja, na iliki iliyotwangwa. Mayai na sukari hupigwa pamoja mpaka yaumuke, yawe mazito na meupe. Kisha unga hutiwa polepole, ukachanganywa kwa mkono mwepesi. Humiminwa katika sufuria iliyopakwa samli, ikafunikwa, na makaa yakawekwa machache chini na mengi juu ya kifuniko. Mimi niliuokea uani, penye upepo, maana moshi haumfai mtu mwenye kifua.

Sasa angalieni, mkate huu haukubali mkono dhaifu. Mayai yasipopigwa sawasawa, hauumuki. Mara ya kwanza nilipiga kwa dakika mbili, nikaketi chini nikitweta, na mjukuu wangu akamaliza kazi. Juma lililofuata nilipiga kidogo zaidi. Mwezi wa tatu niliyapiga mayai 6 peke yangu mpaka mwisho, wala sikuketi. Mizani ya zahanati ilinipima mara moja kwa mwezi, lakini bakuli la mayai lilinipima kila Jumamosi. Na jirani yangu alisema kweli juu ya harufu. Siku ya mkate wa tatu nilikula vipande viwili vilivyo moto, nikaomba na chai ya maziwa. Binti yangu aligeuza uso ukutani ili nisimwone akilia.

Jambo la tatu ni vitabu. Miaka mingi nilikuwa sisomi kitu ila barua za chama na risiti za umeme. Binti yangu akaniletea kitabu cha Shaaban Robert kiitwacho Kusadikika, kilichochapwa mara ya kwanza mwaka 1951. Humo mtu mmoja jina lake Karama ameshtakiwa, naye ajitetea barazani kwa kusimulia safari za wajumbe 6 waliotumwa nchi mbalimbali kuitafutia nchi yao mema, na kila aliyerudi akatupwa gerezani. Nilikisoma kwa sauti, mjukuu wangu akisikiliza. Mwanzoni sikuweza kuumaliza ukurasa mmoja bila kukatika pumzi, naye alikuwa akinihimiza, “Bibi, endelea, mjumbe amefika wapi?” Hapakuwa na njia ya kumjibu ila kupumzika kidogo na kuendelea. Wajumbe ni 6, na miezi yangu ilikuwa 6, basi tukapatana kwamba kila mwezi tutasoma safari moja tu, na kuirudia mpaka aweze kuisimulia mwenyewe. Saa ile ya jioni, ambayo zamani nilikuwa nikiiogopa kwa sababu ya homa, ikawa saa yetu ya baraza.

Lakini hapana budi niwaambieni pia kosa langu, maana bila hilo hotuba hii itakuwa ya kujisifu.

Mwezi wa tatu nilikuwa nimepona kwa macho ya watu. Kikohozi kimekwisha, jasho limekwisha, na uzito umefika kilo 51. Dawa zilikuwa zikinichafua tumbo asubuhi. Nikajiambia kwamba mtu mzima haendelei kumeza dawa ya ugonjwa usiokuwapo. Nikaziacha siku 3, wala sikumwambia mtu.

Siku hiyo ya tatu nilikuwa karibu kumaliza kitambaa cha meza, kazi ya majuma mengi. Nikakiweka kitini nikaenda kutazama jiko, na sikuwa nimefunga kitanzi cha mwisho. Mjukuu wangu mdogo akauona uzi unaning'inia, akauvuta. Niliporudi, nusu ya kitambaa ilikuwa sakafuni, uzi mtupu, naye anacheka. Sikumpiga wala sikumkaripia. Niliketi nikautazama uzi ule. Yeyote anayejua kroshia anajua kwamba vitanzi mia vilivyofumwa vema havina nguvu yo yote ikiwa kile cha mwisho hakikufungwa.

Kesho yake asubuhi nilikwenda zahanati, nikasema kweli. Muuguzi hakunigombeza. Alinieleza kwamba dawa zikiachwa katikati, vijidudu vilivyobaki huweza kuzizoea, na ugonjwa ukirudi huwa mgumu zaidi, tena dawa zake huwa kali zaidi. Kisha akaniongezea siku nilizozipoteza, akaniambia nimeze pamoja na chakula kidogo ili tumbo litulie. Tangu siku ile kipande cha mkate wa mayai kikawa cha dawa. Na kitambaa nikakianza upya.

Nilimaliza dawa mwezi wa Oktoba mwaka ule ule. Makohozi yalipimwa tena, yakaonekana safi. Nilikuwa na kilo 58. Kitambaa chenyewe ndicho hiki kilichotandikwa juu ya meza ya Bwana Mwenyekiti, nacho nakitoa leo kuwa mali ya chama.

Sasa ombi langu. Chama chetu kina sifa njema katika misiba. Mwanachama akifa, hakuna ambaye hakuzikwa kwa heshima, na mwili wa aliyetaka kulala kwao milimani hufikishwa kwao. Hiyo ni kazi kubwa iliyofanywa na wazee wetu, wala sitaki ipunguzwe. Lakini katika miezi yangu 6 niliwaona wanachama watatu tu mlangoni pangu. Kama ningalikufa, wangalikuja mia. Naomba baadhi ya hao mia waje mapema kidogo.

Ninaomba kwamba kila mwanachama akipatwa na ugonjwa wa muda mrefu, wachaguliwe watu wawili wa kumtembelea kila juma. Mmoja wao amsindikize zahanati siku yake ya dawa, na amwulize bila haya kama amemeza. Pili, mfuko wa ustawi utenge fedha kidogo za mayai, unga na maziwa, kwa muda wa matibabu yake. Tatu, Sehemu ya Wanawake iwe na kikapu cha kuazimwa, chenye uzi na sindano za kroshia, na vitabu kadhaa vya Kiswahili. Wanaume wasidhani kikapu hicho si chao. Asiyetaka sindano atachukua kitabu. Nyuzi na vitabu vya mwanzo nitavitoa mimi.

Wazee wetu walisema, mgonjwa haulizwi uji. Maana yake ni kwamba usisimame mlangoni ukamwuliza kama anataka, upike, umpelekee. Mtu aliyekonda hawezi kuomba. Ana haya ya mwili wake, na anaogopa kusikia yale yasemwayo juu yake. Tukingoja mpaka atuite, tutaitwa na wengine, nasi tutakwenda na jeneza.

Bwana Mwenyekiti, nimemaliza. Nawashukuru wale watatu waliopiga hodi, nao wanajijua.  Na yule aliyelihama benchi langu, leo nimemwachia nafasi kando yangu. Karibu aketi.