Safari ya Mbugani kwa Wanandoa Wanaotumaini Kupata Mtoto

(Hotuba iliyosomwa katika ukumbi wa mandir wakati wa sherehe za mwaka)



Kamati imetuomba tuseme kwa Kiswahili, nasi tumekubali kwa furaha. Wageni wetu wengi wa leo ni majirani na wafanyakazi wenzetu wa miaka mingi. Na tukisema kweli, hata baadhi ya wajukuu wetu Kigujarati kimekwisha kuwapungukia. Kiswahili angalau wanacho cha kuagizia mahamri.

Tulio katika kazi ya kusafirisha watalii twaijua barua moja inayofika kila mwaka, Julai inapokaribia na tena Desemba. Ndugu yuko Leicester, au Wembley, au Toronto. Mwanawe ameoa. Jamaa kumi na wanane wanakuja kuona walikozaliwa wazee wao. Wanataka siku tatu za Maasai Mara, kisha Mombasa. Twapiga hesabu, twatafuta magari, twapeleka bei. Siku chache zikipita, hupigwa simu ya pili, ya sauti ya chini. Aghalabu ni mkaza mwana mwenyewe, au mumewe akiwa amejitenga chumba kingine. Huuliza: je, huko kuna malaria? Hakuna mbuga isiyo na malaria? Sababu hawaitaji, nasi tumejifundisha kutoiuliza, kwa kuwa twaijua. Wanatumaini kupata mtoto.

Pengine wameoana juzi. Pengine wamengoja miaka sita, wameuza gari ili kulipia matibabu ya kutungisha mimba nje ya mwili, na daktari amewapa mwezi maalumu. Akikataa safari mbele ya jamaa wote, siri yake imetoka, na kila shangazi ataanza kuhesabu miezi. Akikubali, anaiweka hatarini mimba ambayo hata yeye hajui kama imekwisha kutunga. Huo ndio mtego tunaotaka kuuzungumzia leo, maana twaamini waweza kuteguliwa kwa kupanga mapema.

Tuanze na ugonjwa wenyewe. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2023 watu milioni 263 waliugua malaria na 597,000 wakafariki, na takriban wote hao walikuwa Afrika. Mjamzito huumwa na mbu zaidi ya mwanamke asiye na mimba. Tena vijidudu vya malaria kali huwa na tabia ya kujificha katika kondo la nyuma, mahali damu ya mama inapomlisha mtoto. Matokeo yake ni upungufu wa damu kwa mama, mimba kuharibika, mtoto kuzaliwa kabla ya siku zake au akiwa na uzito pungufu, na wakati mwingine mama na mtoto kupotea wote wawili. Kwa hiyo Shirika hilo huwashauri wajawazito wasisafiri kwenda penye malaria ikiwa safari yaweza kuepukwa. Na mbuga, ndugu zetu, yaweza kuepukwa. Simba watakuwepo mwaka ujao.

Wala jambo hili si la mwanamke peke yake. Homa kali ya mwanamume hupunguza mbegu zake kwa wiki kadhaa baada ya kupona. Mavyaa wenye mazoea ya kumtazama mkaza mwana kila mwezi wangetenda haki kama wangemtazama na mwana wao.

Hapa ndipo twasikia jibu la wazee: “Sisi ni wenyeji, tumezaliwa Mombasa, mbu wanatujua.” Kinga ya mwenyeji si urithi wa ukoo kama jina. Huja kwa kuumwa na mbu wenye ugonjwa mara kwa mara, nayo huisha mtu akiishi miaka kadhaa ng’ambo. Mtoto aliyezaliwa Leicester hana kinga hiyo hata kidogo, hata kama babu yake alikuwa na duka Voi tangu enzi za reli. Madaktari wa Uingereza wanajua vizuri kwamba wagonjwa wengi wa malaria wanaowapokea si watalii wa mahoteli. Ni watu waliokwenda kutembelea jamaa zao, ambao hawakumeza dawa kwa sababu walikwenda “nyumbani”.

Wengine husema, basi na wameze dawa. Naam, dawa zipo, lakini hesabu yake itazameni kama mfanyabiashara atazamavyo mkopo. Doksisaiklini kwa kawaida haipewi mjamzito. Mchanganyiko wa atovakwoni na proguanili haupendekezwi, kwa kuwa ushahidi wa usalama wake katika mimba ni mchache. Meflokwini hukubaliwa zaidi, ila huwasumbua baadhi ya watu kwa ndoto mbaya na wasiwasi, na si kila mtu anafaa kupewa. Kwa wanaopanga mimba, mwongozo wa Uingereza hushauri wangoje baada ya kidonge cha mwisho: wiki moja kwa doksisaiklini, wiki mbili kwa atovakwoni na proguanili, miezi mitatu kwa meflokwini. Na kidonge cha mwisho hakimezwi siku ya kupanda ndege. Atovakwoni na proguanili huendelea siku 7 baada ya kutoka penye malaria. Hizo mbili nyingine wiki 4. Jumlisheni. Aliyetumia dawa ya kwanza atangoja wiki 5 tangu kuondoka mbugani. Ya pili, wiki 3. Ya tatu, karibu miezi 4. Kwa kijana wa miaka ishirini na sita si kitu. Kwa mwanamke wa miaka arobaini mwenye tarehe ya kliniki, miezi minne ni mali.

Daktari ndiye wa kuamua. Sisi ni watu wa magari na vyumba. Ila tungependa kuonya juu ya mwarobaini, mti tuupendao pande zote mbili za bahari. Hauzuii malaria kwa msafiri. Tena kule India mafuta yake yamewahi kuchunguzwa na wanasayansi kama njia ya kuzuia mimba. Anayetafuta mtoto na auache mti huo ukae uani utoe kivuli.

Sasa tuje kwenye swali lenyewe: wapi?

Kijidudu cha malaria kali hukua ndani ya mbu, na ukuaji huo huhitaji joto. Hali ikiwa baridi chini ya nyuzi 18 hivi za Selsiasi, mbu hufa kabla kijidudu hakijakomaa. Ndiyo maana nyanda za juu zina nafuu. Nairobi, iliyo takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hatari yake ni ndogo sana, na miongozo ya Uingereza huihesabu hivyo pamoja na sehemu za Kenya zilizo juu ya mita 2,500. Lakini Maasai Mara iko chini ya hapo. Tumewahi kumsikia wakala mmoja akimhakikishia bibi harusi kwamba Mara “hakuna mbu mwezi wa Agosti”. Mbu kupungua si mbu kutokuwepo. Amboseli, Tsavo na Samburu ni mahali pa malaria bila mjadala. Hata Kericho, penye baridi na chai, pamewahi kupatwa na milipuko ya malaria. Tanzania nako, ukingo wa Ngorongoro una urefu wa mita 2,300 hivi, na mpaka unaotajwa na miongozo ni mita 1,800. Ila sakafu ya kreta iko chini kiasi, na kuifikia hupitwa Arusha au uwanja wa Kilimanjaro, ambako ni bondeni zaidi. Mtu halali angani.

Kwa jamaa wanaotaka kubaki Kenya, shauri letu ni Nairobi, wala si shauri la kumfariji mtu. Hifadhi ya Taifa ya Nairobi ilianzishwa mwaka 1946, ya kwanza nchini, nayo ina kilomita za mraba 117. Ina simba, faru, twiga na nyati, majengo ya mji yakionekana kwa nyuma. Tembo haina, lakini wale yatima wanaolelewa pembezoni mwake huwafurahisha hata wazee wasiotaka kuketi garini saa sita. Siku mbili zatosha, na usiku mkaza mwana analala mjini. Chandarua na dawa ya kupaka aitumie vilevile, kwa kuwa hatari ndogo si hatari sifuri.

Lakini anayetaka mbuga kubwa yenye tembo, simba na mbwa mwitu bila malaria kabisa, hatuna budi kumwelekeza Afrika Kusini. Twasema hivi tukijua ya kuwa gari letu halifiki huko na riziki hiyo inakwenda kwa jirani. Madikwe, mpakani mwa Botswana, ilifanywa hifadhi mwaka 1991 katika ardhi iliyochoshwa na ufugaji. Wanyama zaidi ya 8,000 walihamishiwa pale. Pilanesberg imo ndani ya volkano iliyozimika zamani, mwendo wa saa tatu hivi kwa gari kutoka Johannesburg, yafaa kwa asiyetaka ndege ndogo. Addo, karibu na Gqeberha, ilianzishwa mwaka 1931 tembo wakiwa wamebaki 11 tu. Leo wanahesabiwa kwa mamia. Tswalu, katika mchanga wa Kalahari, ni kwa wenye mfuko mzito. Tahadharini na Kruger, jina ambalo kila mtu analijua: hiyo imo katika eneo la malaria, na nyumba za kifahari zilizoizunguka nazo zimo. Namibia, kusini ni salama, lakini Etosha, ambako ndiko wanyama waliko, kuna hatari. Na badala ya pwani yetu, Mauritius na Shelisheli hazina malaria, ingawa mbu wa dengi na chikungunya hawakosekani, na nao huuma mchana. Kuhusu chakula msihofu. Wapishi wa huko wamezoea wasiokula nyama. Hata hivyo hatujaona jamaa yetu hata mmoja aliyesafiri bila thepla za siku nne.

Kuna shimo moja ambalo wengi hutumbukia, nalo ni cheti cha homa ya manjano. Anayetoka London moja kwa moja hadi Johannesburg haombwi cheti. Lakini akija kwanza harusini Nairobi, kisha akaenda Madikwe, Afrika Kusini itamdai cheti kwa kuwa ametoka Kenya. Hata kungojea ndege uwanjani Nairobi kwa zaidi ya saa 12 kunahesabiwa. India nayo humdai atokaye Kenya. Chanjo hiyo ina kirusi hai kilichodhoofishwa, na mwanamke aliyechanjwa hushauriwa asishike mimba kwa wiki 4. Cheti chenyewe huanza kutambuliwa siku 10 baada ya sindano, na tangu mwaka 2016 chatosha maisha yote. Kwa hiyo mwanamke atafutaye mbuga isiyo na malaria kwa ajili ya mimba aweza kujikuta amechomwa sindano inayomzuia mimba mwezi mzima, kwa sababu tu ya mpangilio wa tiketi. Aliyechanjwa miaka ya nyuma na atafute kadi yake sandukuni kabla ya jambo lolote. Asiye nayo na aende Madikwe kwanza kutoka London, arudi, na jamaa wa Nairobi wamtembelee yeye.

Wanaokwenda penye malaria kwa sababu hawana namna, mathalani mzazi amefariki, wajue kuwa mbu huyu huuma tangu machweo hadi alfajiri. Kile kinywaji cha jioni kando ya moto ndiyo saa yake. Mikono mirefu, soksi, chandarua chenye dawa. Na homa yoyote baada ya kurudi, hata miezi ikiwa imepita, daktari aambiwe siku hiyo hiyo kwamba mgonjwa alikuwa Afrika na kwamba huenda ana mimba. Malaria ya mjamzito inatibika, hata katika miezi mitatu ya kwanza, ikiwahiwa.

Tunamalizia na ninyi akina mama wakubwa, kwa heshima. Mnapopanga safari ya jamaa, waulizeni vijana wote mbuga ipi na mwezi upi kabla tiketi hazijanunuliwa, na mwulize kwa barua au ujumbe, si mezani. Anayejibu “tungependa kubaki Nairobi” asidaiwe maelezo. Sisi kwa upande wetu tumeanza kupeleka bei mbili kwa kila kundi, moja ya Mara na moja ya Nairobi, bila kuombwa, ili asiwepo mtu wa kuinua mkono peke yake. Ramani ya maeneo tuliyoyataja tumemkabidhi katibu wa mandir. Anayetaka kuitazama faraghani atamkuta ofisini asubuhi zote isipokuwa Jumapili.