Siku Moja London: Tuliyoyaona Bandarini

(Mazungumzo yaliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama)



Katibu aliposikia kwamba mimi na bibi yangu tulikwenda Uingereza kumwona binti yetu, ambaye ni muuguzi katika mji wa Reading, aliniambia, "Basi utatueleza habari za London." Nikamjibu kwamba London tulikaa siku moja tu, toka asubuhi mpaka magharibi. Akasema siku moja yatosha. Kwa hiyo msitazamie habari za jumba la Mfalme wala saa kubwa ya bungeni. Hizo hatukwenda kuziona. Bibi yangu alisema amezichoka kwenye kalenda. Sisi tulikwenda kutazama bandari.

Treni ya kutoka Reading hupita chini ya jiji mpaka upande wa mashariki. Tukashuka stesheni iitwayo Canary Wharf, ambayo yenyewe imejengwa ndani ya maji ya gati la zamani. Tulipotoka nje tukatafuta meli. Meli hakuna. Kuna majumba ya vioo, moja lina ghorofa 50, na vijana waliovaa vizuri wanakwenda mbio na vikombe vya kahawa mkononi. Ni mabenki. Bibi yangu akaniuliza, "Baba Salimu, una hakika tumeshuka mahali penyewe?" Ndipo penyewe. Pale palikuwa West India Docks, na meli za mwisho ziliondoka pale mwaka 1980.

Ng'ambo ya maji yamebaki maghala marefu ya matofali, yaliyojengwa mwanzoni mwa karne ya 19 ili kuweka sukari kutoka visiwa vya West Indies. Sukari hiyo ililimwa na watumwa, watu waliotolewa huku kwetu Afrika. Robert Milligan, mmoja wa matajiri walioanzisha gati hizo, alikuwa na watumwa wake huko Jamaica, na sanamu yake ilisimama mbele ya ghala mpaka Juni 2020 ilipoondolewa. Siku hizi ghala moja ni jumba la makumbusho ya bandari. Kuingia ni bure, neno ambalo mzee wa pensheni hulisikia vizuri.

Humo ndani ndimo tulimomaliza siku. Bibi yangu alichambua kahawa miaka mingi katika maghala ya Shimanzi, na mimi nimebeba magunia kabla ya kupanda kreni, kwa hiyo hapakuwa na haja ya mtu kutueleza mizani ni ya nini. Makuli wa London walisimama langoni alfajiri, wakisukumana, ili mnyapara awachague. Asiyechaguliwa alirudi nyumbani mikono mitupu. Aliyechaguliwa huenda akapata kazi ya saa moja au mbili, kisha akaambiwa basi. Wazee wetu waliokuwa vibarua hapa Mombasa wanayajua hayo.

Agosti 1889 watu hao waligoma, na mgomo ulianzia katika gati hizo hizo nilizozitaja. Walidai peni sita kwa saa, na kwamba mtu akiitwa kazini asilipwe chini ya saa nne. Ben Tillett alikuwa mmoja wa viongozi wao. Njaa ilikaribia kuwavunja, lakini wafanyakazi wa Australia wakachanga fedha, zaidi ya pauni 30,000, na katikati ya Septemba waajiri wakakubali. Mnakumbuka sisi Januari 1947 mji mzima wa Mombasa uligoma siku 12, na baadaye mwaka ule ule Chege Kibachia akakamatwa na kupelekwa mbali. Sisi hatukuwa na Australia.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nikubali kusimama hapa. Bibi yangu alitazama picha za watu wale, maelfu, akasema, "Walikwenda wapi wote?"

Ukibarua wa gatini uliondolewa Uingereza mwaka 1967. Kazi ya kudumu, mshahara kila wiki. Ni ushindi mkubwa. Lakini miaka hiyo hiyo kontena iliingia. Meli iliyochukua makuli siku nyingi kuipakua sasa ilimalizwa haraka na watu wachache, tena huko chini ya mto, Tilbury, penye nafasi. Na kazi ya kujaza na kutoa mizigo ndani ya kontena ikahamishiwa madepo ya nje ya bandari, kwa watu wa mshahara mdogo. Makuli wakaenda kusimama kwenye malango ya madepo hayo kuzuia magari. Julai 1972 watano wao wakafungwa katika jela ya Pentonville. Migomo ikaenea nchini, na baada ya siku chache wakafunguliwa. Walitoka wakibebwa mabegani. Hata hivyo kontena haikurudi nyuma. Wengi walipewa fedha za kuondoka, wakaondoka, na mwaka 1989 serikali ilipofuta mpango wa kuwalinda, nchi nzima walikuwa hawafiki 10,000.

Kweli makuli walipigana vizuri, ila walipigana wakati depo limekwisha jengwa.

Ninyi hamhitaji kuambiwa depo ni nini. Mizigo ilianza kupelekwa Nairobi kwa reli mpya mwaka 2018. Mwaka 2019 amri ikatoka kwamba kontena zote zipande reli hiyo, na Mombasa ikaandamana, madereva, makarani, hata mama wauza chakula wa barabarani. Septemba 2022 Rais Ruto aliirudisha kazi hiyo Mombasa. Tulishangilia. Lakini reli ingali pale, depo la Naivasha lingali pale, na amri iliyotolewa kwa neno moja yaweza kurudishwa kwa neno moja.

Kwa hiyo namwomba Katibu, mapatano mapya na mwajiri yatakapoandikwa, iwemo ibara inayosema kazi ya kontena itafanywa na nani, wapi, na mtu akiondolewa na mashine atafundishwa kazi gani na kulipwa nini wakati anafundishwa. Bibi yangu ataka liongezwe neno juu ya wanawake wa maghalani, ambao hata mwaka 1889 hakuna aliyewauliza.

Sasa niko tayari kujibu maswali.