Mkono Urudi Shavuni: Kufundisha Jebu na Ngumi za Mfululizo kwa Vijana wa Mlola

Mada iliyoandaliwa kwa semina ya makocha na walimu wa michezo, Mlola, Wilaya ya Lushoto



Mkoa wetu wa Tanga una jina katika masumbwi. Septemba 2018 Hassan Mwakinyo, kijana wa Tanga, alikwenda Birmingham nchini Uingereza akamsimamisha Sam Eggington katika raundi ya pili, mbele ya mashabiki wa mwenyeji. Kijana anayetazama pambano lile kwenye simu huona umaliziaji, na kesho yake anakuja mazoezini akitaka kupiga ngumi ya kumaliza. Nawaomba tumrudishe kwenye ngumi ya kwanza kabisa, jebu, na hasa kwenye nusu yake ya pili: jebu haijapigwa mpaka mkono umerudi shavuni.

Mfano mkubwa ninaoujua ni wa zamani. Juni 1936, New York, Joe Louis alikuwa hajapoteza hata pambano moja la kulipwa, na jebu yake ilikuwa ikiogopwa. Mjerumani Max Schmeling alikuwa amekaa akitazama filamu za mapambano yake, akagundua kwamba Louis akishapiga jebu, mkono wa kushoto unarudi chini, karibu na kifua. Akangojea tundu hilo. Raundi ya nne akamwangusha kwa mkono wa kulia, raundi ya kumi na mbili akammaliza. Miaka miwili baadaye Louis alilipa deni katika raundi ya kwanza tu. Ikiwa kosa hilo lilimwangusha bondia wa kiwango kile, basi kwa kijana wa miaka kumi na saba ni hatari kubwa zaidi, maana yeye hana mtu wa kumwonyesha filamu yake. Mwenye macho ya kuliona ni wewe kocha.

Jebu inaanzia mguuni. Kwa anayetumia mkono wa kulia, mguu wa kushoto unakaa mbele, kisigino cha nyuma kimeinuka kidogo, kidevu kiko chini. Mguu wa nyuma unasukuma ardhi, wa mbele unateleza nusu hatua, na ngumi inafika sawia na unyayo unapotua. Kiwiko kisitangulie kufunguka pembeni. Kikifunguka, mpinzani ameshajua kinachokuja. Mwishoni ngumi inageuka, kiganja kikitazama chini, na bega linapanda kukinga kidevu. Kisha mkono unarudi kwa njia ile ile uliyoendea, kwa kasi ile ile.

Kocha aliyeshika padi asiwe wa kupokea tu. Baada ya kila jebu amguse kijana shavu la kushoto kwa padi ya pili. Mkono ukiwa mahali pake, padi itagonga glavu. Ukiwa umeshuka, kijana ataisikia usoni, na hamtahitaji kugombana. Zoezi hili dogo nalipa uzito kuliko nusu saa ya kupiga begi ovyo.

Sasa ngumi za mfululizo. Watu wengi hudhani nguvu ya mkono wa kulia inatoka kwenye mkono wa kulia. Kumbe mkono wa kushoto ukivutwa nyuma haraka, bega lake linarudi nalo, nyonga inazunguka, na mkono wa kulia unatoka na uzito wa mwili mzima. Kwa hiyo jebu inayorudi kivivu inadhoofisha na ngumi inayofuata. Kijana akishaielewa jebu na kulia, muongezee ngumi ya kushoto ya kuzungusha. Baadaye afundishwe jebu mbili mfululizo, ambapo ya pili huondoka mkono ukiwa nusu njia ya kurudi. Huo ni ustadi wa aliyekwisha kukomaa. Kwa jebu ya tumboni, ashuke kwa magoti, asiiname kiuno. Na mfululizo usiishie mbele ya mpinzani: amalizie kwa jebu, au atoke pembeni.

Katika ngumi za ridhaa jebu iliyopigwa vizuri ina faida ya moja kwa moja. Raundi ni tatu, dakika tatu kila moja, na majaji wanataka kuona ngumi safi zilizofika. Titus Simba alipoleta fedha ya Jumuiya ya Madola kutoka Edinburgh mwaka 1970, Michael Yombayomba dhahabu kutoka Kuala Lumpur mwaka 1998, na Kassim Mbundwike na Yusuf Changalawe shaba kutoka Birmingham mwaka 2022, wote walipita katika ngumi hizi za ridhaa.

Kwa wanaocheza kikiboksi, yaani ngumi na mateke, kuna tahadhari. Bondia huegemea mguu wa mbele anapopiga jebu ndefu. Akifanya hivyo kwa mpiga mateke, paja lake limeachwa wazi na hawezi kuinua ugoko kujikinga. Jebu iwe fupi zaidi, uzito ugawanywe miguu yote miwili. Faida ya kikiboksi ni kwamba ngumi ya kushoto ya kuzungusha huuacha mwili tayari kwa teke la kulia la paja. Ernesto Hoost wa Uholanzi, bingwa wa dunia wa K-1 mara nne, alijulikana sana kwa kufunga mfululizo wa ngumi kwa teke hilo.

Huku kwetu miguu na pumzi zipo. Kijana aliyekua akipandisha mizigo milimani hahitaji kufundishwa kuvumilia. Shida ni uwanja. Ukimfundisha kwenye mteremko, atazoea kuegemea upande mmoja, na kosa hilo litamfuata ulingoni. Tafuteni sehemu tambarare, hata ndogo ya hatua sita kwa sita. Begi linaweza kuwa gunia lililojazwa nguo kuukuu na maranda ya mbao, lisiwekwe mchanga, maana mchanga huzama chini ukawa mgumu na kuumiza vifundo. Mikono ifungwe bendeji kila siku ya kupiga begi.

Kwa wanafunzi wa shule ya msingi napendekeza wafundishwe miguu, jebu ya hewani na padi pekee, bila kupigana ngumi za kichwa. Wakubwa wakipambana mazoezini, wavae kofia na kinga ya meno, na anayepigwa akayumba apumzishwe, apelekwe kituo cha afya, asirudi kupigana mpaka mganga aruhusu, hata kama mwenyewe anasema yuko sawa.