Shahidi wa Uwanjani: Mtangazaji wa Mpira na Malezi Yake katika Nchi ya Buha



Nimepewa fursa ya kunena juu ya kazi ambayo watu wengi huifurahia na wachache huitafakari, nayo ni kazi ya kutangaza mpira redioni. Hoja yangu ni moja. Mtangazaji wa mpira ni shahidi kabla hajawa msemaji. Heshima yake, tangu siku ashikapo kipaza sauti mpaka siku akiwekapo chini, hutegemea uadilifu wa ushahidi wake. Na kwa kuwa ushahidi ni jambo la kufundishwa, haifai kumwachia kijana ajifunze kwa bahati.

Tuutazame, kwa mfano, mwaka 1979. Katika mwaka huo Simba walifungwa mabao 4 kwa 0 na Mufulira Wanderers wa Zambia hapa nyumbani, kisha wakaenda Lusaka wakashinda 5 kwa 0. Na mwaka huo huo, mjini Ndola, Peter Tino aliifungia Taifa Stars bao lililoleta sare ya 1 kwa 1 na Zambia, likatufikisha katika fainali za Afrika za mwaka 1980 mjini Lagos. Tanzania Bara ilikuwa haina televisheni wakati ule, wala haikuipata mpaka mwaka 1994; kwa hiyo mkulima wa Kibondo aliyekuwa amerudi kutoka shambani, akaweka redio yake ya betri juu ya kigoda na kuwaita majirani, hakuwa na jicho lingine la kuviona viwanja vile ila maneno ya mtu asiyemjua. Angalidanganywa, asingalijua. Amana kubwa kama hiyo hapewi hata mwandishi wa gazeti, ambaye msomaji wake aweza kumpima kesho kwa gazeti jingine.

Kwa sababu hiyo mabingwa wa kazi hii wameijengea kanuni. BBC ilipotangaza mpira kwa mara ya kwanza, tarehe 22 Januari 1927, Arsenal wakicheza na Sheffield United, jarida la Radio Times liliwachapia wasikilizaji ramani ya uwanja iliyogawanywa katika miraba yenye nambari, ili wajue mpira uko wapi. Msikilizaji wetu hakupewa ramani; ramani yake ni ulimi wa mtangazaji, ambaye yampasa aseme lango gani linashambuliwa, winga ya kulia au ya kushoto, mpira uko kwa nani na umetoka kwa nani, na kila baada ya dakika chache arudie matokeo, kwani daima yuko mtu aliyefungua redio sasa hivi. Tena yampasa awajue wachezaji wa pande zote mbili kabla ya filimbi, asije akambambikia mmoja kosa la mwenziwe. Zaidi ya yote yampasa azuie moyo wake: akiwa mpenzi wa Yanga, bao la Simba alitangaze likiwa bao kamili. Ufasaha huja baada ya hayo, nao ni pambo; pambo lisilo na nguo chini yake ni fedheha.

Wako waliopanda ngazi ya kazi hii wakafika mbali. Tido Mhando alianzia Redio Tanzania Dar es Salaam, akaenda BBC, akarudi kuliongoza shirika la utangazaji la taifa. Charles Hilary, aliyefariki mwezi Mei 2025, alipita Redio Tanzania, Radio One, Deutsche Welle, BBC na Azam, kisha akawa Msemaji Mkuu wa Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar. Juma Nkamia alitoka kwenye kipaza sauti akaingia Bungeni, akawa Naibu Waziri. Na jirani zetu wa Kenya walikuwa na Leonard Mambo Mbotela, mtangazaji hodari wa kandanda, ambaye tarehe 1 Agosti 1982 askari waasi walimlazimisha kutangaza redioni kwamba serikali imepinduliwa. Mikasa ya waungwana hawa yatufunza mambo mawili: kwamba sauti iliyozoeleka kwa ukweli huwa mali ambayo wenye mamlaka huitamani, kwa heri ama kwa shari, na kwamba aghalabu mtangazaji hodari huondoka uwanjani kutafuta cheo kwingine, kwa kuwa uwanjani penyewe ngazi ni fupi.

Wenzetu wa Marekani wameirefusha ngazi hiyo kutoka chini. Huko vyuo vikuu hushindana katika hoki ya barafuni, mashindano ambayo ubingwa wake wa taifa ulianza mwaka 1948, na redio za vyuo huwapa wanafunzi nafasi ya kuyatangaza. Mike Emrick, aliyekuja kuwa sauti mashuhuri kuliko zote za mchezo huo nchini humo, alitangaza mechi za timu ndogo ya Port Huron tangu mwaka 1973, na mwaka 1976 akahitimu udaktari wa falsafa katika utangazaji kwenye chuo kikuu cha Bowling Green. Tena wako wanaodumu na timu ya chuo kimoja maisha yao yote, wala hawahesabiwi kuwa wameshindwa.

Sasa tujitazame sisi wa Buha, mkoani Kigoma. Mpira haujatupita: tarehe 25 Julai 2021 Simba na Yanga walikutana katika fainali ya Kombe la Shirikisho pale uwanja wa Lake Tanganyika, Simba wakashinda kwa bao la Taddeo Lwanga, na mwaka 2023 Mashujaa wa Kigoma walipanda Ligi Kuu. Redio nayo haijatupita: Radio Kwizera, iliyoanzishwa Ngara mwaka 1995 na shirika la Wajesuiti la kuwahudumia wakimbizi, iliwafikia watu wa huku, wenyeji na wageni wa makambini, kambi ya Nyarugusu ikiwa imefunguliwa mwaka 1996. Na vyuo tunavyo, cha Ualimu Kasulu na cha Ualimu Kabanga, vyenye michezo yao ya UMISAVUTA, ilhali sekondari zina UMISSETA na shule za msingi UMITASHUMTA. Kilichokosekana ni kuyaunganisha matatu hayo.

Wala jambo hili si la anasa. Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016, pamoja na kanuni zake, humtaka mwandishi wa habari awe na stashahada na kitambulisho. Kijana wa Mabamba mwenye ulimi mwepesi na jicho kali, anayewasimulia wenziwe mechi za ndondo kwa spika ya kukodi, atasimama mlangoni asiingie, iwapo hapana chuo kilicho karibu cha kumpa elimu hiyo. Sheria yenyewe siilaumu, maana shahidi asiye na adabu huweza kuwasha moto. Bali nasema kwamba anayeweka sharti la elimu amejifunga pia kuisogeza elimu.

Nashauri, basi, kwamba vyuo vyetu viwili na redio zilizo jirani vikubaliane jambo jepesi: kila mechi ya chuo itangazwe na wanachuo wawili, mmoja kila nusu ya mchezo, kwa Kiswahili na pale panapofaa kwa Kiha, mkufunzi akae na kinasa sauti, na kesho yake darasa lisikilize, lihesabu ni mara ngapi matokeo yalitajwa, ni wapi mpira ulipotea, na ni wapi mapenzi yalimshinda msemaji.

Najua nitaulizwa faida yake, iwapo televisheni na simu zimeshaingia majumbani. Nami najibu kwamba picha huonyesha fainali, haionyeshi Kabanga ikicheza na Kasulu. Na wengi wa wanachuo hao watakuwa walimu, wala si watangazaji. Lakini mwalimu aliyefunzwa kusema alichokiona, jinsi alivyokiona, mbele ya watu wasioweza kumsahihisha, amefunzwa nusu ya ualimu. Na yule mmoja katika hamsini atakayeshika kipaza sauti cha taifa atakuwa amekosolewa na watu wanaomjua, kabla hajaaminiwa na watu wasiomjua.