Mvumo wa Gurudumu la Mbele

(Maneno yaliyosemwa katika mkutano wa wanafunzi wa zamani, bwaloni.)



Kamati iliponiandikia kuniomba nizungumze, ilipendekeza nieleze juu ya utumishi wa umma na maadili yake. Nashukuru kwa heshima hiyo. Lakini somo hilo mmekwisha kulisikia kwa watu wanaolijua kuliko mimi, na vijana wa Kidato cha Pili walioketi pale nyuma wangesinzia kabla sijageuza ukurasa. Niliomba ruhusa, nikapewa, niseme juu ya jambo dogo ambalo katika kazi yangu wilayani nakutana nalo karibu kila mwaka: pikapu inayovuma gurudumu la mbele. Nataka tuone jinsi ya kujua kama kweli beringi imekwisha, na kama imekwisha, ni ya upande gani.

Naona wengine mnacheka. Sehemu kubwa ya kazi ya Serikali wilayani hubebwa na pikapu. Chanjo huenda kwa pikapu, karatasi za mitihani huenda kwa pikapu, na mara nyingi mama aliyeshikwa na uchungu usiku kijijini huletwa kwa pikapu. Likilala gereji wiki tatu, mambo hayo nayo hulala. Likiendeshwa hali beringi imekufa, gurudumu laweza kukwama ghafula, au likachomoka pamoja na habu yake, na huku nyuma wamekaa watu.

Nitatoa mfano wa Toyota Land Cruiser pikapu, lile lenye ekseli nzima mbele, kwa kuwa ndilo wengi wetu tunalolijua. Ndani ya habu ya kila gurudumu la mbele mna beringi mbili, ya ndani na ya nje. Si za gololi. Ni za rola zilizochongwa kwa mshazari kama pia, nazo zimeelekezwa kinyume, moja ikitazama huku na nyingine kule. Umbo hilo alilipatia hataza Henry Timken huko Marekani mwaka 1898, alipokuwa mtengenezaji wa magari ya kukokotwa na farasi. Faida yake ni kwamba rola ya mshazari hubeba uzito unaotoka juu, na pia msukumo unaotoka ubavuni gari linapokata kona. Shikeni jambo hilo la ubavuni, maana tutalihitaji.

Sasa hesabu kidogo. Tairi la pikapu hilo, lile la 7.50R16, lina mzingo wa karibu mita mbili na nusu. Kwa hiyo kila kilometa gurudumu huzunguka kama mara 400. Gari likienda kilometa 60 kwa saa, hiyo ni kilometa moja kwa dakika, yaani mizunguko 400 kwa dakika. Safari ya kilometa 1,000 ni mizunguko 400,000. Kidonda kidogo kama punje ya chumvi juu ya pete ya beringi hukanyagwa na kila rola inayopita, mzunguko baada ya mzunguko. Ndiyo maana beringi iliyoanza kumeguka hailii kwa kugonga. Mapigo ni mengi mno kwa sikio kuyatenganisha, nayo huungana yakawa mvumo, kama ndege iliyo mbali.

Na hapa ndipo penye kazi, kwa sababu vitu vingi katika gari huvuma.

Kwanza ni kuitenga injini. Tafuta barabara ya lami iliyonyooka, isiyo na magari, ufike mwendo ambao mvumo unasikika vizuri. Kisha ondoa gia, uliache gari litembee lenyewe. Injini ikishuka na mvumo usibadilike, basi haitoki kwenye injini. Kadiri mwendo unavyopungua nao utashuka taratibu, kwa sababu unafuata magurudumu. Pamoja na hayo, endesha mwendo uleule kwa gia mbili tofauti. Sauti ya injini itabadilika, ya beringi itabaki ilivyo.

Pili ni tairi, na huyu ndiye mwongo mkubwa. Tairi lililolika kwa mawimbi huvuma sawasawa na beringi, na tairi jipya la meno makubwa ya tope huvuma tangu siku ya kwanza. Ila mvumo wa tairi hubadilika barabara inapobadilika. Toka kwenye lami ya kokoto kubwa uingie kwenye lami laini, utausikia ukipungua. Beringi haijali imekanyaga nini. Pitisha kiganja juu ya tairi, kwenda na kurudi: ukihisi meno kama ya msumeno upande mmoja, tairi lina maelezo ya kutoa. Dawa ya uhakika ni kuyahamisha matairi ya mbele nyuma na ya nyuma mbele. Mvumo ukihama nayo, umempata mwenyewe.

Tatu, kwa pikapu zenye kufuli za kuzungusha kwa mkono kwenye habu: gari likiwa katika magurudumu mawili, zifungue, uendeshe, kisha zifunge, uendeshe tena. Kufuli zikiwa wazi, shafti za mbele, difu ya mbele na propela yake havizunguki. Mvumo ukiwa uleule hali zote mbili, hivyo vyote umevisamehe. Ukitokea pale tu unapofunga, acha beringi, kaangalie difu na viungio vya shafti.

Baada ya hapo ndipo tunauliza upande. Vijana mnaosoma fizikia mnajua kwamba gari likikata kushoto, uzito huegemea kulia. Basi kwa mwendo wa wastani, barabara ikiwa pana na tupu, yumbisha usukani polepole kushoto, kisha kulia. Mvumo ukizidi unapokata kushoto, shuku gurudumu la kulia. Ukizidi unapokata kulia, shuku la kushoto. Nasema shuku, sisemi hukumu. Kwa kuwa rola zimeelekezwa kinyume, iko siku beringi ya ndani itasema tofauti na ya nje. Zaidi ya hayo, ekseli ni bomba refu la chuma, na sauti husafiri ndani yake hadi upande wa pili. Abiria aliyeketi kushoto ataapa ni kushoto, na dereva ataapa ni kulia.

Kosa la upande si jambo la kinadharia. Ofisi moja niliyohamia nilikuta pikapu ambayo dereva alikwisha kuandika mara tatu katika kitabu cha safari: mbele kuna mvumo. Gereji moja, ambayo sitaitaja, ilibadili beringi za kulia bila kulipeleka gari barabarani. Mvumo ukabaki. Wakasema basi ni matairi, yakanunuliwa manne, kwa fedha iliyokuwa imetengwa kwa mafuta ya robo nzima. Mvumo ukabaki. Nilipofika, dereva aliniomba nusu siku na lita kumi za dizeli. Nikaketi naye. Tulifanya yote niliyoyaeleza, naye hakuwa ameyasoma popote, aliyapata kwa miaka ishirini ya kusikiliza. Alisema ni kushoto, beringi ya ndani. Alipofungua habu, grisi ilitoka nyeupe kama maziwa ya mgando, na pete ilikuwa na vidonda vya kutu kuizunguka. Nilimwuliza kwa nini hakusema mapema. Akanijibu, "Mzee, niliandika. Hakuna aliyeniuliza." Mimi nilikuwa mdogo kwake kwa miaka kumi, lakini ofisini mwetu aliyesoma huitwa mzee. Hilo nalo nawaachia.

Turudi kwenye jeki. Gari liwe mahali tambarare, magurudumu ya nyuma yawekewe mawe, na baada ya kuinua, ekseli ikae juu ya stendi za chuma. Jeki peke yake si kitu cha kuaminiwa na mtu mwenye mama yake.

Shika tairi juu na chini, mkono mmoja palipo saa sita na mwingine palipo saa kumi na mbili, ulitikise kuvuta na kusukuma. Likicheza, usiseme bado. Mwenzako akanyage breki, utikise tena. Mchezo ukitoweka, ni beringi za gurudumu, kwa kuwa breki imeishika diski ambayo ni moja na habu. Ukibaki, ni kingpini au beringi zake, jambo jingine kabisa. Ukishika kushoto na kulia likacheza, chunguza kwanza viungio vya usukani. Fundi anayetikisa bila mtu wa breki anabahatisha.

Kisha zungusha tairi kwa mkono, na mkono wa pili uweke juu ya springi. Beringi mbovu utaihisi vidoleni kama mchanga, hata kama sikio halijapata kitu. Msuguano mwepesi wa padi za breki usikutishe, huo ni wa kawaida. Watu wa zamani huweka ncha ya bisibisi ndefu karibu na habu na mpini sikioni, na njia hiyo ni nzuri mradi chuma kisiguse kinachozunguka. Linganisha na upande wa pili. Baada ya safari isiyo na breki nyingi, sogeza pia mgongo wa mkono karibu na kila habu. Inayochemka kuliko mwenzake ina neno.

Wengi hukosea hapa: mvumo na mchezo haviendi pamoja kila mara. Beringi yaweza kuvuma miezi bila kucheza hata kidogo, na nyingine ikacheza bila kuvuma, kwa sababu nati imelegea tu. Katika pikapu mpya kama Hilux za miaka hii, beringi ya mbele ni kifungo kimoja kilichozibwa kiwandani, hakirekebishwi. Hicho mara nyingi huvuma kwanza, na mchezo huja mwishoni. Anayesubiri kicheze ndipo abadili, amesubiri mno. Dalili nyingine isiyotajwa sana ni pedali ya breki kushuka mara ya kwanza unapokanyaga, na mara ya pili ikawa sawa. Habu inayocheza huyumbisha diski, na diski husukuma padi zirudi nyuma.

Kuhusu chanzo, Tanzania yetu ina vyanzo viwili vikubwa. Cha kwanza ni maji. Habu iliyopata moto barabarani ikitumbukizwa kwenye korongo lililojaa, hewa iliyo ndani hupoa na kujikunyata, ikavuta maji kupitia sili iliyochakaa. Kwa hiyo pikapu iliyovuka maji marefu, yaliyofika juu ya habu, ifunguliwe na kutazamwa mapema, isingoje tarehe ya sevisi. Cha pili ni patasi. Nati ya beringi hizo katika Land Cruiser huhitaji soketi ya milimita 54. Gereji nyingi hazina, hivyo nati hugongwa kwa nyundo na patasi, na hakuna ajuaye imekazwa kiasi gani. Iliyokazwa mno huunguza beringi mpaka chuma kinageuka buluu. Iliyolegea huacha rola zikigongagonga. Soketi hiyo ni bei ndogo sana ikilinganishwa na matairi manne.

Unapofunga beringi mpya, badilisha na pete yake ya nje. Rola mpya juu ya pete yenye vidonda ni kazi bure. Sili iwe mpya, grisi ya zamani ioshwe yote, na mpya ishindiliwe kwa kiganja hadi itokeze upande wa pili wa rola. Kaza nati huku ukizungusha habu mbele na nyuma ili rola zikae mahali pake, ilegeze, kisha kaza tena kidogo. Mwishowe pima kwa mizani ya springi, ileile iliyomo kabatini mwa maabara yenu: ifunge kwenye skurubu ya gurudumu, uvute, usome nguvu inayohitajika habu kuanza kuzunguka. Kipimo kimo katika kitabu cha gari. Ndipo washa ya kufungia na nati ya pili vifuate.

Mwalimu Mkuu ameniambia asubuhi kwamba pikapu ya shule nayo inavuma tangu mwezi uliopita, na amekubali tuifungue. Ipo nyuma ya jiko, imekwisha kuwekewa stendi. Nawahitaji vijana wanne, mmoja wa kukanyaga breki, na mwalimu wa fizikia atuazime mizani.