Sanduku la hewa la nyuzi za kaboni: kazi iko kwenye kuziba

Haya ni maelezo aliyoyatoa mkufunzi wa ufundi wa magari wakati wa mafunzo ya siku moja ya mafundi wa jua kali na wenye magari katika chuo cha ufundi cha kaunti, Nakuru. Tunayachapisha kwa manufaa ya wakazi ambao hawakuweza kufika.

Wengine mmetoka Molo na Njoro, wengine Gilgil na Naivasha, na naona vijana wa gereji za hapa mjini wamejaa kule nyuma. Karibuni, na mlio nyuma sogeeni, viti viko.

Wenye Subaru wamekuwa wakituletea swali moja. Je, nikiondoa sanduku la plastiki la filta ya hewa lililokuja na gari, niweke lile jeusi linalong'aa la nyuzi za kaboni, gari litapata nguvu? Jibu langu ni kwamba inategemea limefungwa vipi. Likifungwa vizuri, unaweza kupata nguvu kidogo. Likifungwa ovyo katika sehemu yenye vumbi kama yetu, litaila injini polepole huku mwenye gari akifurahia mlio.

Kuna aliyeniuliza pale mlangoni kaunti inahusikaje na Subaru ya mtu. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 liliweka vyuo vya ufundi vya vijijini chini ya serikali za kaunti, na papo hapo likazipa jukumu la kudhibiti uchafuzi wa hewa na kelele. Kwa hivyo kijana anayejifunza kufungua boneti ni wetu, na moshi na makelele yanayotoka kwenye gari alilolitengeneza ni yetu vilevile.

Sasa tuangalie kazi ya sanduku lenyewe. Injini ya lita 2 isiyo na tabo, ikizunguka mara 3,000 kwa dakika huku umekanyaga mafuta hadi mwisho, huvuta karibu lita 3,000 za hewa kila dakika. Yenye tabo, ile pampu inayozungushwa na moshi wa ekzosi, huvuta zaidi ya hapo. Hewa yote hiyo hupitia kwenye sanduku moja na filta moja. Chochote kilichomo ndani ya hewa hiyo, kama hakikuzuiwa pale, kitafika kwenye mapanga ya tabo, kwenye kuta za silinda, kwenye ringi za pistoni, na mwishowe ndani ya oili.

Na hewa yetu ina mambo. Mnaoishi Naivasha na Gilgil mnalijua vumbi la kiangazi, lile laini kama unga ambalo ukilikanyaga mguu unazama. Sehemu kubwa ya udongo ule umetokana na majivu ya volkano. Ndani yake mna chembe za kioo cha volkano, na chembe hizo ni ngumu kuliko alumini ya pistoni na kuliko madini laini ya beringi za injini. Zikichanganyika na oili, zinakuwa msasa. Wengi wenu mmesimama Kedong au Soysambu wakati wa Safari Rally, tangu ilipoletwa Naivasha mwaka 2021, mkaona gari likipotea ndani ya vumbi lake lenyewe. Kumbukeni pia Subaru Impreza aliyoshindia Colin McRae mashindano hayo mwaka 1997: ilikuwa na bomba la kuvutia hewa lililopandishwa juu kando ya kioo cha mbele. Lile bomba halikuwa pambo. Walitaka hewa iliyo mbali na vumbi na mbali na maji ya mito. Timu yenye pesa za kubadilisha injini ilijali vumbi kiasi hicho. Sisi tunaolipia gari kwa mkopo wa sacco tujali mara ngapi?

Kuna jambo la pili la hapa kwetu. Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari. Shinikizo la hewa hapa liko chini ya lile la Mombasa kwa karibu sehemu moja kwa tano. Gari lisilo na tabo linapungukiwa na nguvu kwa sababu hiyo, na hakuna sanduku la hewa, liwe la kaboni au la dhahabu, litakalorudisha shinikizo hilo. Tabo hufidia sehemu kubwa, lakini kwa kufanya kazi zaidi. Muuzaji akikuonyesha tarakimu za nguvu zilizopimwa ng'ambo, pwani, kwenye baridi, usizibebe kama zilivyo.

Linalobadilika kweli ni joto. Hewa ya nyuzi 30 ikipashwa hadi nyuzi 60 inapoteza karibu asilimia 9 ya uzito wake kwa kila lita. Ndiyo maana siipendi ile filta ya wazi yenye umbo la koni ambayo vijana huining'iniza ndani ya boneti bila sanduku. Mlio ni mtamu, nakubali. Lakini inavuta hewa iliyokwisha kupikwa na injini, hasa kwenye foleni, na kwa gari nililoliona juzi lenye filta ya namna hiyo, nyuzi 60 si kutia chumvi. Sanduku zuri lililofungwa linavuta hewa ya nje kutoka mbele ya gari. Faida iko hapo, na ukitazama vizuri utaona kwamba hata sanduku la plastiki la kiwandani linafanya hivyo hivyo.

Basi kaboni inaleta nini? Nyuzi za kaboni zenyewe haziongezi hata nguvu ya farasi mmoja. Ni nyepesi, lakini uzito unaookoa ungeuokoa pia kwa kutoa jerikeni ya maji kwenye buti. Ni ngumu, hazipindi joto likipanda, kwa hivyo kifuniko kinaweza kukaa vizuri kwa miaka. Na zinampa mtengenezaji nafasi ya kufinyanga umbo pana lenye kona chache kuliko plastiki. Hayo mawili ya mwisho yana maana. Mengine, tuseme ukweli, unalipia urembo, na urembo si dhambi ili mradi unajua ndicho unachonunua. Angalieni tu, kwani sokoni kuna masanduku ya plastiki yaliyofunikwa karatasi yenye picha ya kaboni. Geuza upande wa ndani. Kama ndani ni plastiki tupu, uliza bei upya.

Nakuja sasa kwenye jambo linaloua injini nyingi, na naomba vijana waandike. Kwenye Impreza WRX nyingi za tangu miaka ya 2000, kihisi cha kupima hewa kimekaa kwenye mdomo wa sanduku, pale hewa inapotoka. Ndani ya kihisi mna uzi mwembamba uliopashwa moto. Hewa ikipita inaupoza, na kompyuta inapima ni umeme kiasi gani unahitajika kuurudisha kwenye joto lake. Kutokana na hapo inakisia hewa yote iliyopita kwenye bomba. Nasema inakisia kwa sababu kihisi kinaonja hewa ya sehemu moja tu; kompyuta inafanya hesabu ikiamini kwamba bomba lina upana uleule wa kiwandani.

Chukua bomba la kipenyo cha milimita 70 uweke la milimita 76. Kwa macho hutaona tofauti. Lakini eneo la mdomo limeongezeka kwa karibu asilimia 18, hewa ileile inapita kwa kasi ndogo zaidi mbele ya kihisi, na kihisi kinaripoti pungufu, karibu asilimia 15. Kompyuta inapunguza petroli kulingana na ripoti hiyo. Mchanganyiko wa kawaida ni uzito wa hewa 14.7 kwa petroli 1, na tabo inaposukuma tunataka petroli zaidi ya hapo ili kupoza silinda. Ukiwa mjini unaendesha taratibu, kihisi cha oksijeni kwenye ekzosi kitasaidia kusahihisha kosa, na hutahisi kitu. Siku utakapopanda barabara ya Mau Summit ukikanyaga mafuta hadi mwisho, petroli haitoshi, joto linapanda, injini inaanza kugonga, na pistoni inavunjika pale katikati ya ringi. Mwenye gari atalaumu petroli. Atalaumu na aliyemuuzia gari.

Kwa hiyo, kabla ya kufungua bolti yoyote, weka masanduku mawili mezani na upime mdomo wa kila moja kwa kalipa. Tepu ya fundi cherehani haitoshi. Angalia kihisi kitakaa upande uleule, kwa pembe ileile, na kama la kiwandani lina wavu wa kunyoosha mkondo wa hewa, je, jipya linao? Vipimo vikitofautiana una njia mbili. Umrudishie muuzaji mzigo wake, au gari liende kwa mtu anayeweza kurekebisha programu ya kompyuta akitumia kipimo cha mchanganyiko kwenye ekzosi. Fundi asiye na kifaa hicho aseme hana. Mteja ataondoka, ndiyo, lakini heri aondoke na injini nzima.

Kufunga kwenyewe si kazi ndefu. Acha injini ipoe, toa waya wa hasi wa betri, toa kihisi kwa bisibisi inayokitosha na usiguse ule uzi kwa kidole wala kitambaa. Ukitoa sanduku la zamani, ziba mdomo wa bomba linalokwenda kwenye tabo. Nati moja ikidondoka humo, hesabu tabo imekwenda. Jaribu sanduku jipya bila kulikaza kwanza. Injini hucheza kwenye mipira yake kila unapokanyaga mafuta, ilhali sanduku limeshikwa kwenye bodi, kwa hivyo lazima kuwe na mpira laini katikati ya hivyo viwili na nafasi ya kutosha pembeni. Usilikaze kama unakaza gurudumu. Chuma hujipinda kikionewa, kaboni hupasuka, na ufa mwembamba chini ya rangi inayong'aa huuoni. Liwe mbali na tabo pia, kwani gundi inayoshika nyuzi hulainika kwa joto kali.

Ikibidi kukata au kusugua, fanya nje, tumia msasa wa maji, vaa barakoa, glavu na miwani. Unga wa kaboni unawasha ngozi na si wa kuvuta kifuani. Tena unapitisha umeme: ukidondoka kwenye boksi la fyuzi umejitafutia kazi nyingine ambayo hakuna atakayekulipa.

Ukimaliza, unganisha mashine ya kusoma kompyuta na utazame marekebisho ya mafuta, injini ikiwa imepata moto, kwanza ikiwa imesimama kisha ukiendesha kwa mwendo wa kawaida. Yakiwa ndani ya asilimia 5 juu au chini, vizuri. Yakipita 10, kuna kitu, tafuta. Lakini sikilizeni hapa, maana hapa ndipo hata mafundi wazoefu huteleza. Mashine inaweza kukuonyesha hewa inayoingia baada ya kihisi, kwa sababu hiyo haikupimwa. Hewa inayoingia katikati ya filta na kihisi imepimwa sawasawa, mafuta yanatoka sawasawa, taa ya injini haiwaki, gari linakwenda vizuri. Na vumbi linaingia. Kompyuta haina jicho la vumbi.

Jicho hilo ni lako. Gizani, weka taa ndani ya sanduku lililofungwa uone kama mwanga unatoka kwenye maungio. Paka grisi kidogo kwenye ukingo wa filta inapokaa. Mwambie mteja arudi baada ya kilomita 500, fungua, ufute ndani ya bomba la upande safi kwa kitambaa cheupe. Kikitoka na rangi ya udongo, rudisha sanduku la plastiki siku hiyohiyo mpaka utakapojua panapovuja. Ndiyo maana sanduku la zamani halitupwi wala haliuzwi. Na wanaotumia filta za pamba zinazopakwa mafuta, pakeni kidogo sana, maana mafuta yanayozidi hurukia kwenye ule uzi wa kihisi na kuharibu kipimo.

Yaliyobaki ni mafupi. Iarifu kampuni ya bima kwa maandishi kwamba umebadilisha sehemu ya gari, usingoje ajali ndiyo waulize. Kanuni za kitaifa za kelele za mwaka 2009 zinatumika hata kama gari ni zuri. Na fundi, mwandikie mteja risiti yenye vipimo ulivyochukua: kipenyo cha zamani, kipenyo kipya, marekebisho ya mafuta kabla na baada. Mkigombana mwezi ujao, karatasi hiyo ndiyo itakayozungumza.

Gari tutakalofanyia kazi liko pale nje, limepoa tangu asubuhi, na masanduku yote mawili yako mezani bila kupimwa. Kalipa ni tatu tu, kwa hivyo jigaweni makundi matatu. Wenye glavu watangulie.